Kikohozi cha Mkamwana

Mwaka ule kila kitu kilipanda: sukari, mafuta ya taa, nauli ya Mbeya, na pointi za kuingilia chuo kikuu. Sukari ikipanda watu hunywa chai ya rangi isiyo na kitu ndani, wakasonya, maisha yakaendelea. Pointi zikipanda mtu atapunguza nini? Aliko, kijana wa nyumba ya tatu, alikwenda chuo kikuu miaka ya nyuma na daraja lake la tatu, na sasa alikuwa bwana mkubwa huko Morogoro, akija Krismasi anavaa miwani ya jua hata ndani ya kanisa. Lugano, mtoto wa mwisho wa Mzee Anangisye, alipata daraja la pili, na jina lake halikuonekana.

"Halikuonekana vipi?" Mzee alimuuliza siku aliporudi kutoka stendi ya Kyela, ambako vijana walikuwa wakinyang'anyana gazeti moja lenye majina ya waliochaguliwa. "Umeanzia juu?"

"Nimeanzia juu, tata. Halafu nikaanzia chini."

"Daraja la pili si linalishinda la tatu?"

"Linalishinda. Lakini tumekuwa wengi, tata. Shule zimeongezeka, viti vya chuo ni vilevile. Wamepandisha."

"Wamepandisha," Mzee alirudia taratibu, kama mtu anayeambiwa bei mpya ya mbolea.

Aibu ilikuwa kubwa kwa sababu ya jogoo. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Mzee Anangisye alisimama kanisani na jogoo mwekundu mkononi, akamtoa sadaka ya shukrani mbele ya usharika mzima. Kumshukuru Mungu mapema si dhambi, lakini majirani hawasahau jogoo. Sasa kila Jumapili kulikuwa na mmoja wa kuuliza kwa upole wa uongo, "Mzee, kijana anaondoka lini?"

Haya yote Asifiwe aliyasikia akiwa jikoni, maana huko ndiko alikosikilizia mambo yote ya nyumba ile. Alikuwa mke wa Oscar, kaka yake Lugano, na alikuwa mkamwana wa mila ya zamani. Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamwiti, hamtaji jina, hakai naye chini ya paa moja. Wenyewe wanaiita ukutila. Familia nyingi zilikuwa zimekwisha kulegeza, hasa za watu wa kanisa, lakini Mzee Anangisye alisema kanisa lilimkataza pombe na mke wa pili, na yote mawili aliyaacha, heshima halikumkataza.

Ilikuwa heshima kweli, msidhani ni ukali. Mkamwana akikaribia mahali anapoweza kuwapo baba mkwe, anakohoa. Mzee akisikia kikohozi, anaondoka. Asifiwe alikwisha kumwona, kwa pembe ya jicho, akitoka barazani na kusimama kwenye mvua ili yeye apite na ndoo yake. Akitaka kumwambia kuwa chakula kiko tayari, alimwambia mtoto aliyekuwa mgongoni: "Maria, mwambie babu ndizi zimeiva." Na Mzee, upande wa pili wa ukuta, alimjibu mtoto: "Maria, mwambie mama yako ndaga, asante." Maria alikuwa hajaota hata jino. Lakini mazungumzo yalipita juu ya kichwa chake na nyumba ikaenda.

Mara moja tu Asifiwe alikosea. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Alitokea nyuma ya migomba na mzigo wa nyasi, akakutana na Mzee uso kwa uso. Mzee aligeuka haraka na hakusema neno, lakini wazee wa ukoo walisema, na baba yake Asifiwe akaamriwa kuleta mbuzi wa kusafisha kosa. Asifiwe hakusahau mchana ule: baba yake, na kaptula yake yenye kiraka, akimvuta kwa kamba mbuzi asiyetaka kutembea, akikatiza kijiji kizima huku watoto wakicheka. Tangu siku hiyo alikohoa hata pale ambapo hakukuwa na mtu.

* * *

Habari ililetwa Ijumaa asubuhi na Mwalimu Eliud, aliyemfundisha Lugano zamani pale mjini Kyela. Alikuja kwa baiskeli, shati limemgandia mgongoni, tai ameirusha begani isinase kwenye mnyororo.

"Hodi! Mama, Lugano yupo?"

"Hayupo, mwalimu. Karibu. Yuko Lyulilo tangu juzi."

Lugano alikuwa amekwenda kuchukua vyungu. Wanawake wa Kikisi walivileta kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, naye alivinunua akavipeleke kuviuza Kyela, apate nauli ya mahali popote ambapo maisha yangemwita. Oscar mumewe alikuwa Kasumulu, mpakani, kwenye biashara zake za mafuta ya kupikia kutoka Malawi, na hakutazamiwa kabla ya Jumamosi. Mama mkwe, Yunis, alikuwa Ngonga kwenye msiba wa mama yake mdogo, na karibu kijiji chote kilikuwa huko pamoja naye.

"Basi sikiliza vizuri," Mwalimu alisema bila kushuka kwenye baiskeli, mguu mmoja chini. "Chuo wamepiga simu shuleni. Kuna vijana wameacha nafasi zao, wengine wamepata kusoma nje. Sasa wanaita wa kuziba. Jina la Lugano limo."

"Ee Kyala, Mungu wangu!" Asifiwe aliweka mikono kichwani.

"Ngoja kwanza. Walioitwa ni wengi, nafasi ni chache. Anayewahi ndiye anayechukua. Nimetaka kumjibia mimi, wamekataa. Wanataka mwenyewe au mzazi wake aseme kwa kinywa chake kwamba anakuja, na kwamba nyumbani watachangia, maana siku hizi serikali hailipi yote. Mzee yupo?"

"Yuko... yuko kule kwenye kakao." Mzee alikesha msibani, akarudi alfajiri kuvuna, kwa sababu wanunuzi binafsi walikuwa wanapita kesho yake, na hao hawamngojei mfiwa.

"Vizuri sana. Mwambie apande baiskeli aje shuleni, sasa hivi, hata asibadilishe nguo. Saa tisa na nusu wanafunga ofisi, na nafasi zenyewe huenda zisifike saa hizo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Utamwambia?"

Hapo ndipo penyewe. Asifiwe angesema, "Mwalimu, mimi siwezi kuzungumza na baba mkwe, nenda wewe," mwalimu angekanyaga baiskeli hadi kwenye kakao, ambako hata si mbali, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Mwalimu Eliud alikuwa mtu wa Singida, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Asifiwe naye alikuwa amemaliza darasa la saba, na alimaliza wa tatu darasani. Aliona mbele yake chumba cha walimu kizima kikicheka: nyumba inataka kupeleka mtoto chuo kikuu, na bado mwanamke anaongea na mkwewe kupitia kichanga. Aliona haya.

"Nitamwambia," alisema.

"Mungu akubariki. Mimi nina kipindi." Na baiskeli ikageuka.

* * *

Aliingia kwenye kakao akikimbia, Maria akirukaruka mgongoni. Kwa mbali alisikia panga la Mzee likipasua maganda, ta, ta, ta, na moyo ukamtulia kidogo. Alikuwa amekwisha kupanga maneno: "Maria, mwambie babu simu imekuja, Lugano ameitwa, aende shuleni na baiskeli." Maneno mafupi. Atasimama nyuma ya mti, atamwambia mtoto kwa sauti, na kazi imekwisha.

Alipofika kwenye mti mkubwa wa kwanza, alikohoa.

Hakufikiri. Mtu akifika mlangoni anabisha hodi, yeye alikohoa. Panga likanyamaza. Akasikia majani makavu yakilia chini ya miguu ya Mzee, yakisogea mbali.

Asifiwe alisogea mbele haraka, akafungua kinywa amwambie Maria, na Mzee alikuwa amekwisha kuondoka. Kikapu kilikuwa pale, nusu ya maganda yamepasuliwa, mbegu nyeupe zinang'aa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Alitaka kusema, simama. Lakini kikohozi cha mkamwana kina maana moja tu, na si hiyo. Majani yakalia tena, mbali zaidi, upande wa kijito.

"Maria!" alipaza sauti. "Maria, mwambie babu simu! Mwambie babu simu ya chuo!"

Maria hakuwahi kupigiwa kelele za namna ile. Akashtuka, akaangua kilio, kilio cha mtoto mwenye afya njema, kikafunika maneno yote. Asifiwe alimtikisa, akambembeleza, akaanza tena, "mwambie babu," na mtoto akazidisha. Huku anakohoa, huku anabembeleza, huku machozi yanamtoka mwenyewe, alifuata mpaka ukingoni mwa kijito. Maji yalikuwa yanaporomoka kwenye mawe kwa kelele. Ng'ambo, kwenye shamba la watu wengine, aliona mgongo wa shati la khaki ukipotelea kwenye migomba. Mzee alikuwa amempisha shamba zima.

Mnasema angemwita? Hata yeye alijisema hivyo, baadaye, miaka na miaka. Alijaribu. Alisimama kwenye jiwe, akavuta pumzi, akalitafuta jina ndani ya kinywa chake. Mtu ambaye hajawahi kutamka neno, neno hilo halipo. Badala ya jina alimwona baba yake na mbuzi.

Akageuka, akaanza kukimbia kwenda Ngonga.

* * *

Msibani alifika miguu imejaa vumbi hadi magotini. Penye njia ya kuingilia walikuwa wamekaa wanaume, kwenye majani ya migomba, na miongoni mwao ndugu watatu wa Mzee Anangisye, ambao nao kwa mila ni baba wakwe, nao pia hawaonwi. Ikabidi azunguke kwa nyuma, kupitia mashina makavu ya mpunga uliovunwa, akijikwaa, kama mwizi wa kuku. Akaingia kwa mlango wa jikoni.

Na mtu haingii msibani akaanza kuongea. Kwanza unalia. Asifiwe alipoona akina mama wamemtazama, alilia, na hakuhitaji kujilazimisha. Alilia hadi wakamshika mikono, wakamkalisha chini, mmoja akamwondolea mtoto.

"Huyu alimpenda marehemu," bibi mmoja alisema. "Wakamwana wa siku hizi hawalii hivi."

"Mama," Asifiwe alimnong'oneza Yunis alipoweza. "Mama, Lugano ameitwa chuo. Wanataka mzazi kwenye simu, kabla ofisi hazijafungwa. Mwalimu Eliud anangoja shuleni."

Yunis alimtazama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso mpana, asiyependa haraka. "Na baba yako? Si yuko nyumbani na baiskeli?"

"Nilikohoa," Asifiwe alisema. "Akaondoka. Nikakohoa tena, akaondoka tena."

Yunis hakuuliza zaidi. Yeye mwenyewe alimkoholea baba mkwe wake miaka ishirini hadi alipomzika. Akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Mnakwenda wapi?" bibi yule aliuliza. "Maiti iko ndani bado! Yunis, huyu si mama yako mdogo?"

"Ndiye, shangazi."

"Na unaondoka kabla hajazikwa?"

"Atanisamehe. Yeye sasa ana nafasi, mimi sina."

Maneno hayo yalimfuata Yunis kwa muda mrefu. Wapo ambao hawajaja kwake kunywa hata maji hadi leo. Walitoka wanawake wawili na mtoto, wakasimama barabarani. Gari la kwanza liliwapita. La pili liliwapita. La tatu, pikapu iliyotoka mpakani na magunia ya sukari, ilisimama, na dereva akataka nauli kwanza kabla hawajapanda. Yunis alitoa ile pesa ya rambirambi aliyokuwa amefunga kwenye pindo la kanga, ambayo alikuwa hajaikabidhi. Akampa yote. Dereva hakurudisha chenji, naye hakudai.

Njiani Yunis alikuwa anajifunza maneno. "Nitasema, mimi ni mama yake Lugano. Nitasema, anakuja. Nitasema, tutachangia. Kuna kakao, kuna mpunga, kuna ndama wa Oscar. Nitaje na ndama?"

"Usitaje ndama, mama. Sema tu tutachangia."

"Tutachangia," Yunis alisema, na kuitikia kwa kichwa.

* * *

Mwalimu Eliud alikuwa amesimama nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Alipowaona alitazama nyuma yao, barabarani.

"Mzee yuko wapi?"

Aliwaingiza ndani, akazungusha namba. Simu ikalia kama mbu, laini haishiki, akaweka. Akazungusha tena. Ilikuwa haijafika saa nane. Asifiwe aliiona saa ukutani na akamshukuru Mungu kimoyomoyo, na yeye pia, kama mkwewe, alishukuru mapema. Mara ya nne au ya tano sauti ya mwanamke ikaitika huko Dar es Salaam, na mwalimu akaeleza, halafu akampa Yunis mkono wa simu.

"Shikamoo," Yunis alianza, ingawa sauti ile ilikuwa ya binti. "Habari za huko? Watu hawajambo? Huku sisi tuna msiba, lakini tumshukuru Mungu. Mimi ni mama yake Lugano. Anakuja. Tutachangia."

Akanyamaza kusikiliza. Asifiwe alikuwa amesimama karibu, akazisikia chembe za maneno. Pole mama. Nafasi ya mwisho. Saa sita. Tuliyempa alikuwa chini yake kwenye pointi, lakini kwao wana simu nyumbani, alipokea mwenyewe. Mwaka kesho ajaribu, mama, ila nadhani tutapandisha tena.

"Asante," Yunis alisema. "Asante sana, mwanangu. Ndaga." Alilelewa hivyo, mtu akikupa kitu, hata kama ni hapana, unashukuru. Akaendelea kuushika ule mkono wa simu sikioni baada ya binti kukata, hadi mwalimu akauchukua polepole na kuurudisha mahali pake.

"Lakini nilikuja saa nne," Mwalimu Eliud alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu. "Ningemfuata mwenyewe shambani. Mama, si ulisema utamwambia?"

Asifiwe alitazama sakafu. Sasa ilimbidi aeleze, palepale, mbele ya mkuu wa shule na karani wake, jambo lile alilolionea haya asubuhi. Alieleza. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

* * *

Jioni Mzee alirudi akiwa na kikapu chake, akakuta jiko halina moto. Yunis alimsimulia barazani, wamekaa wawili. Asifiwe alikuwa nyuma ya ukuta na Maria mapajani. Alingoja kusikia sauti ikipanda. Aliitamani hata ipande.

"Alikuja shambani?" Mzee aliuliza.

"Alikuja. Alikohoa."

"Nilimsikia," Mzee alisema. "Mara ya kwanza nikasogea. Mara ya pili nikasema, ana mzigo wa kuni, nimwachie njia. Nikasikia mtoto analia, nikasema, huyu binti anataka kunyonyesha na mimi nimekaa hapa kama gogo. Nikavuka kijito. Mimi nilikuwa nampisha, Yunis."

"Najua."

"Nilikuwa nampisha."

Oscar alirudi Jumamosi, naye ndiye aliyegomba. "Ungemwita tu! Baba! Neno moja! Mdomo si unao?" Asifiwe alimwangalia mumewe, ambaye siku ile ya mbuzi alisema mila ni mila, na baba yako asilete dume lililokonda.

Lugano alifika Jumapili, watu wakiwa kanisani. Alibeba vyungu kwenye tenga, vimefunikwa nyasi, na alikuwa na furaha, maana mwanamke mmoja wa Kikisi alimwongeza kimoja cha bure. Asifiwe alitaka amwambie mwenyewe. Alimwambia akiwa amesimama, haraka, bila kujitetea.

Lugano alisikiliza huku anatoa vyungu, kimoja baada ya kingine, akivigongagonga kwa kucha kusikia kama vina ufa. Alipomaliza alikaa chini katikati ya vyungu.

"Shemeji, usilie. Mimi ningekuwa na pointi moja zaidi nisingengoja kuitwa mara ya pili." Alikiinua kile cha bure. "Chukua hiki. Cha kupikia maharage."

Halafu alikwenda nyuma ya nyumba, na Asifiwe akamsikia. Hakuwahi kumsikia mwanamume analia kwa kujizuia namna ile. Ilimuuma kuliko matusi ambayo angemtukana.

* * *

Kijijini walisema chuo kikuu kimepotelea kwenye kakao. Walicheka wiki mbili, wakapata jingine la kuchekea. Lugano aliomba tena mwaka uliofuata, na pointi zilikuwa zimepanda, kama yule binti wa simu alivyosema. Safari hiyo hakuna aliyeita. Akaenda Kasumulu kwa kaka yake, akawa anasukuma mkokoteni wa mizigo kuvuka daraja la Songwe. Wafanyabiashara walimpenda kwa sababu alijua Kiingereza cha kuzungumza na maofisa wa upande wa pili. Walimwita "Profesa". Yeye aliitika.

Mzee Anangisye alifanya jambo moja. Mpunga wa mwaka wa pili ulipokwisha kuvunwa alifunga kamba mbuzi jike, mnene, mwenye mimba, akakatiza naye kijiji kizima, yeye mwenyewe mzee wa kanisa, akimvuta, hadi kwa baba yake Asifiwe. Watu walimuuliza njiani mbuzi anakwenda wapi.

"Namrudisha," alisema.

Aliporudi alisimama karibu na ukuta wa jiko, akamwambia Maria, ambaye sasa alikuwa anatembea na kuelewa, kwamba amwambie mama yake kuwa yale mambo yamekwisha. Aseme akitaka kusema. Maria aliwasilisha neno kwa neno, kwa fahari.

Lakini mwili una kumbukumbu yake. Siku moja Asifiwe aliingia kwenye kakao kutafuta kuni, akasikia panga, ta, ta, ta, na kabla hajafikiri alikuwa amekohoa. Panga likanyamaza. Alisimama, akingoja kusikia majani yakisogea mbali.

Majani hayakulia. Mzee alikuwa amesimama palepale, kikapu miguuni, panga limening'inia mkononi. Alikuwa amemgeukia. Asifiwe aliona kwa mara ya kwanza kwamba macho yake yalifanana na ya Lugano.

"Nakusikia, mwanangu," Mzee alisema. "Siendi popote. Sema."

Asifiwe alifungua kinywa. Upepo wa ziwani ulikuwa unapita juu ya kakao, na Mzee alikuwa anangoja, ameinamisha sikio, kama mtu ambaye yuko tayari kupanda baiskeli sasa hivi, hata bila kubadilisha nguo.

"Nimekuja kuokota kuni tu, baba," alisema.